Barua Isiyotaja Ngazi

Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimrudisha nyumbani kijana aliyetembelea magongo. Alikuwa amefaulu vizuri. Barua yangu ilisema kwamba kwa hali ya miguu yake asingeyamudu masomo. Madarasa yalikuwa ghorofani. Ngazi sikuzitaja hata kwa neno moja.

Nimeikumbuka barua hiyo nikisoma sheria zetu mbili. Ile ya mwaka 1982, ya ajira ya walemavu, ilianzia mwilini: mtu ameumia, ameugua au amezaliwa hivyo, kwa hiyo kupata kazi kunamwia vigumu. Ilikuwa na huruma, sikatai, kwani iliwataka waajiri wakubwa watenge asilimia 2 ya nafasi. Lakini sentensi yake na yangu zilikuwa ndugu.

Sheria Namba 9 ya mwaka 2010 inasema mengine. Kwa maneno yangu, ulemavu ni kukosa au kupunguziwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au za kijamii. Mwalimu wa lugha hana budi kusimama hapo. Ulemavu umetoka mguuni, umehamia kwenye nafasi ambayo mtu amenyimwa. Huko Uingereza, watu wenye ulemavu wa viungo walikwisha kuandika hivyo mwaka 1976, kwamba jamii ndiyo inayowalemaza. Kasoro ninayoiona katika maana yetu ni kwamba sababu za kijamii zimewekwa mwisho, kama mgeni aliyechelewa karamuni, na mjenzi wa ngazi hatajwi.

Wapo wanaoshikilia kwamba tukiondoa ngazi yote yamekwisha. Siafiki. Goti langu linauma hata nikiwa kitandani, na hakuna fundi mwashi wa kunitibu. Wanaosema yote ni jamii wanamsahau mgonjwa. Sisi tuliosema yote ni mwili tulimfukuza mwanafunzi. Makosa hayo mawili hayalingani kwa uzito.

Sasa naishi Manzese. Pale Darajani, nikivuka Barabara ya Morogoro, hupumzika katikati ya ngazi nimeshika chuma, vijana wakinipita na kuniamkia, “Shikamoo, mwalimu.” Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba miguu yangu haifai kwenda ng’ambo.

Kijana yule sikumwona tena. Faili lake lilikuwa na nakala ya barua yangu, na vyeti vyake.