Mapafu, "Hewa Chafu" na Mazuku: Tahakiki ya Istilahi

Istilahi ya sayansi hupimwa kwa ufupi wake, usahihi wake na kukubalika kwake kwa wasemaji. Mji wa Sake, katika wilaya ya Masisi, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu, unadai kigezo cha nne: je, istilahi humlinda anayeitumia?

Kati ya Sake na Goma yamo mabonde na mashimo ambamo kabonidayoksaidi itokayo ardhini, katika nchi hiyo ya volkeno, hutuama. Wenyeji huiita mazuku. Aghalabu waandishi wa jiolojia hulifasiri neno hilo kuwa "upepo mbaya". Fasiri hiyo inapotosha. Upepo huvuma, mazuku hutuama, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hivi. Upepo ndio unaoyatawanya, na hatari huzidi usiku na alfajiri, hewa inapotulia.

Kasoro ya pili imo katika mafunzo ya shule, yasemayo kuwa mtu huvuta "hewa safi" na kutoa "hewa chafu". Kwa msemaji wa Kiswahili, uchafu huonekana au hunuka. Kabonidayoksaidi haina rangi wala harufu.

Kasoro ya tatu, iliyo nzito zaidi, imo katika kitenzi "kubadilishana". Kiambishi -an- cha kutendana huleta taswira ya sokoni: huyu atoa, yule apokea, kwa mapatano. Mapafuni hakuna mapatano. Katika vifuko vya hewa, ambavyo ni mamia ya mamilioni, damu hutenganishwa na hewa kwa utando usiofikia unene wa elfu moja ya milimita. Kila gesi huupenya utando huo kivyake, kutoka penye kanieneo kubwa ya gesi hiyo kwenda penye ndogo. Kwa kawaida oksijeni huingia damuni na kabonidayoksaidi hutoka. Mtu akiinama ndani ya mazuku, kabonidayoksaidi ya nje huizidi ile ya damuni, nayo huingia badala ya kutoka; damu huzidi asidi. Gesi hiyo ikifika kama asilimia 10 ya hewa, mtu huweza kuzimia baada ya dakika chache, hata kama mapafu yake ni mazima.

Suala hili si la kamusi tu. Kati ya 2022 na 2024, familia nyingi zilizokimbia vita zilipiga kambi katika ukanda huo, Bulengo ikiwamo. Mgeni aliyefundishwa kuogopa uchafu na upepo hakuwa na ishara ya kumwonya. Mtoto, ambaye pua yake i karibu na ardhi, na mtu mzima anayeinama kumwokoa, ndio wa kwanza kudhurika.

Yafaa basi neno mazuku liingizwe kamusini kwa maana yake halisi, yaani gesi nzito iliyotuama bondeni, na somo la upumuaji lieleze kwanza kwamba gesi huelekea penye uchache wake. Hapo mwanafunzi wa Sake ataweza kueleza mwenyewe kwa nini mbuzi hufa shimoni ilhali mchungaji aliyesimama ukingoni yu hai.