Habari za Mshindani: Juu ya Kitabu cha Wapemba Wawili

Maisha ya mtu yaliyosimuliwa na mwenyewe si fani ngeni katika Kiswahili. Tippu Tip aliandika habari zake zamani, na katika miaka ya 1958 na 1959 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilizitoa upya pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Shaaban Robert naye alituachia Maisha Yangu. Watu hawa hawafanani kwa kazi, wala kwa tabia, wala kwa lugha. Wanafanana kwa jambo moja ambalo aghalabu hatulitaji, kwa kuwa twalidhani ni la kawaida: hapana katika hao aliyekuwa akiomba kura ya msomaji wake.

Kitabu ninachotaka kukipima hapa ni cha namna nyingine. Jina lake ni Race, Revolution, and the Struggle for Human Rights in Zanzibar. Aliyekitengeneza ni G. Thomas Burgess, mtaalamu wa historia wa Marekani, nacho kilipigwa chapa mwaka 2009 na Ohio University Press. Ndani yake mna maisha ya watu wawili, wote wazaliwa wa Pemba. Wa kwanza ni Ali Sultan Issa, aliyezaliwa Wete mwaka 1932, mfuasi wa ukomunisti na waziri katika serikali ya Mapinduzi. Wa pili ni Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Mtambwe mwaka 1943, ambaye alikuwa mwalimu, kisha waziri, kisha Waziri Kiongozi, kisha mfungwa, na baadaye mshindani wa kiti cha Urais wa Zanzibar. Nitasema zaidi juu ya huyu wa pili, kwa kuwa habari zake ndizo zenye taabu kubwa kwa mhakiki.

Taabu yenyewe ni hii. Kitabu kilipotoka, Maalim Seif alikwisha simama mara tatu, mwaka 1995, mwaka 2000 na mwaka 2005, na mara zote tatu alitangazwa kuwa ameshindwa. Mara ya kwanza Salmin Amour alihesabiwa kura 165,271, naye 163,706. Tofauti haikufika 1,600. Mara ya pili, Amani Abeid Karume alitangazwa mshindi kwa asilimia 67. Mara ya tatu, kwa asilimia 53. Mwaka 2009 mshindani alikuwa bado yu mlangoni, anakitaka kiti. Basi kila ukurasa wa habari zake msomaji hana budi ajiulize: je, huu ni ushahidi wa mtu aliyeona, au ni hotuba ya mtu anayeomba?

Jibu langu ni kwamba ni vyote viwili, wala hilo si aibu, maadamu tunajua wapi kimoja kinakoma na kingine kinaanza. Sehemu yenye nguvu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya miaka aliyokuwa ndani ya serikali. Alikuwa Waziri wa Elimu kuanzia mwaka 1977, akawa Waziri Kiongozi mwaka 1984, akaondolewa Januari 1988, akafukuzwa katika chama mwaka huo huo, kisha akawekwa kizuizini tangu 1989 hata 1991. Mshindani huyu basi hakuwa mgeni aliyetoka mbali akabisha hodi. Aliijua nyumba, vyumba vyake na milango yake ya nyuma. Anapoeleza jinsi uamuzi ulivyokuwa ukifanywa katika vikao, na jinsi biashara ilivyofunguliwa baada ya miaka mingi ya uhaba, anasema maneno ambayo mtu wa nje hakuweza kuyasema.

Lakini papo hapo ndipo palipo na upungufu. Msimulizi ni hodari zaidi kueleza aliyoyapinga kuliko aliyoyaridhia. Mtu hakai katika baraza la mawaziri miaka mingi kwa kupinga tu. Ziko amri alizozitia mkono, na yako mambo aliyoyanyamazia ili apate mengine. Msomaji angependa kuisikia hesabu hiyo ikitolewa kwa kinywa chake, maana ndiyo ingempa uzito zaidi alipokuja kuikosoa serikali ile ile.

Hapa ndipo Burgess alipofanya jambo la busara kuwaweka wawili hawa katika jalada moja. Ali Sultan Issa hagombei kitu. Ni mtu mzima aliyekwisha pita katika utukufu, katika gereza na katika biashara ya hoteli, naye husimulia starehe zake na makosa yake bila kujificha. Tukisoma habari zake kwanza, kisha tukafungua za Maalim Seif, twahisi mara moja kwamba tumetoka katika nyumba ya mtu anayezungumza tukaingia katika ukumbi wa mtu anayehutubia. Wa kwanza ana ladha zaidi. Wa pili ana shabaha zaidi. Mhakiki asimlaumu wa pili kwa kukosa uhuru wa wa kwanza. Anayeomba amana ya watu hana ruhusa ya kucheka sana juu ya nafsi yake.

Yafaa pia tukumbuke kisiwa kilichomlea. Katika uchaguzi wa Januari 1961, vilipogombewa viti 22, chama cha Afro-Shirazi kilipata 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Na kiti cha Chake Chake Afro-Shirazi ilikipata kwa kura moja tu. Wajumbe watatu wa ZPPP walipogawanyika, wawili kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, pande zikawa sawa, 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Lau kura ile moja ya Chake Chake ingekwenda upande wa pili, hesabu ingekuwa nyingine. Uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni, ukaandamana na fujo zilizoua watu 68 katika Unguja. Seif alikuwa kijana wa miaka 17 siku hizo. Watu waliokulia katika kisiwa ambacho kura moja iliwahi kuzuia serikali hawawezi kuambiwa kwa wepesi kwamba kura haina thamani. Ukiongeza juu ya hayo shida za miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, njaa na viboko, na bei ndogo ya karafuu iliyonunuliwa na serikali peke yake, utafahamu kwa nini mshindani huyu hakukosa wafuasi nyumbani kwake hata aliposhindwa.

Na hapo nafika kwenye hoja ambayo, nadhani, kitabu hakikuipa haki yake. Tumezoea kusema kwamba upande mmoja una mwenye kiti na upande wa pili una mshindani. Zanzibar yote ikitazamwa kwa jumla, ndivyo. Waliokaa juu ya kiti walibadilika, na aliyekuja kukiomba alikuwa yule yule. Kilichodumu ni chama. Lakini ukivuka mkondo ukafika Pemba, mambo yaligeuka. Mwaka 1995 chama cha CUF kilichukua viti vyote 21 vya Pemba katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2005 kikachukua vyote 18 vilivyokuwapo. Pemba, basi, mwenye kiti alikuwa ni chama cha Maalim, na mshindani asiye na tumaini alikuwa yule Mpemba wa CCM aliyesimama Wete au Micheweni akijua tangu asubuhi kwamba jioni atashindwa. Mtu huyo naye alikuwa na sababu zake na ndugu zake. Na katika miaka ya chuki kali alionekana msaliti na jirani zake, akasusiwa harusini na mazikoni. Katika kitabu hiki hana sauti. Anayedai haki ya mchache mbele ya wengi angetupa somo kamili lau angetusimulia pia habari za mchache aliyekuwa mlangoni pake.

Sisemi hivi ili kulinganisha madhila. Tarehe 27 Januari 2001, watu walipoandamana kudai uchaguzi mpya, askari walipiga risasi katika Wete, Micheweni na Chake Chake. Watu wasiopungua 30 waliuawa, na zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni katika pwani ya Kenya. Hapana msomaji mwenye moyo atakayeweka jambo hilo katika mizani moja na kususiwa harusini. Nasema tu kwamba kitabu chenye jina la haki za binadamu hupimwa kwa kipimo cha jina lake.

Liko na jambo la lugha. Maneno ya kitabu ni ya msimulizi, lakini mpangilio ni wa mtaalamu. Maswali yameondolewa, majibu yakaunganishwa yakawa hadithi moja iliyonyoka, tena kwa Kiingereza. Kwa msomaji wa mbali hiyo ni faida. Kwa msikilizaji wa Pemba ni hasara, maana nguvu ya Maalim haikuwa katika hoja peke yake. Ilikuwa katika namna ya kusema: salamu ndefu, kituo kabla ya neno zito, mithali iliyoanzwa na yeye ikamalizwa na umati. Hayo hayamo. Zaidi ya hayo, watu waliopiga kura zile na kuzika maiti wale ndio wanaoweza kusema, hapa amepatia, hapa amejipendelea. Ushahidi usiopita mbele ya wanaoyajua mambo hubaki nusu ushahidi.

Mambo yaliyofuata yamekibadilisha kitabu pasipo kubadilisha hata herufi moja. Novemba 2009 Maalim Seif alikutana na Rais Karume wakapatana. Julai 2010 wananchi, kwa asilimia 66, walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Na baada ya kushindwa tena kwa kura chache na Ali Mohamed Shein, Mpemba mwenziwe, mshindani akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mwaka 2015 uchaguzi ulifutwa, na ule wa marudio wa Machi 2016 chama chake kiliususia. Mwaka 2020 alisimama mara ya sita, chini ya ACT-Wazalendo, akahesabiwa chini ya asilimia 20, kisha akaingia tena serikalini kwa umakamu. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe.

Leo basi twaweza kukisoma kitabu kwa namna ambayo mwaka 2009 haikuwezekana. Yule aliyekuwa akiomba haombi tena. Hotuba imekwisha, ushahidi umebaki. Mimi nimekisoma mara mbili, na mara ya pili nimekiona bora kuliko ya kwanza, kwa sababu sikuwa nikijihadhari tena na mkono ulionyooshwa kwangu. Kasoro zake nimezitaja, na sizifuti. Lakini mtu aliyekuwa ndani akatolewa, akafungwa, akashindwa, na bado akachagua kurudi kwa karatasi ya kura, ametuachia habari zinazostahili kusomwa kwa sauti katika baraza za Wete na Chake Chake, kwa Kiswahili, mbele ya waliompa kura na waliomnyima. Hao ndio wasomaji wake wa haki, nao ndio watakaojua wapi pa kumkatiza.