Jicho la Mchumaji

Mikono ya mchumaji chai wa Kericho na Bomet ndiyo husifiwa, na inastahili. Lakini mtazame usoni. Macho yake hayako vidole vilipo. Yameshatangulia, yanapekua machipukizi ya mbele.

Kinachotafutwa ni majani mawili na chipukizi. Mche mmoja hubeba machipukizi ya kila umri, kwa kuwa mchumaji huurudia kila baada ya wiki moja au mbili. Lililofikia huchumwa. Changa huachwa lingoje zamu ijayo. Lililolala, lisilotoa tena ncha mpya, huvunjwa na kutupwa ili mche usidumae. Hukumu hiyo hutegemea rangi, urefu, ulaini na mahali chipukizi liliposimama, nayo hutolewa kufumba na kufumbua, mkono wa kulia ukiwa na lake na wa kushoto na lake.

Hapo ndipo ninapostaajabu zaidi. Hukumu hutolewa mara moja, lakini ubongo wa binadamu hushughulikia rangi mahali pamoja, umbo mahali pengine. Kilicho kushoto mwa macho huingia nusu yake ya kulia, na cha kulia nusu ya kushoto. Kumbukumbu inayoshika tulivyoviona kwa sekunde chache nayo ni finyu: mwaka 1997 watafiti Steven Luck na Edward Vogel waliripoti kuwa hubeba vitu vinne hivi, kila kimoja na sifa zake pamoja.

Ni nini huzifunga sifa hizo pamoja? Mwaka 1989 kundi la watafiti la Wolf Singer, Ujerumani, lilionyesha kuwa seli za kuonea za paka, ingawa zimetengana, hupiga kwa pamoja mara 40 hivi kwa sekunde zinapoona kitu kimoja. Mwaka 1995 watafiti John Lisman na Marco Idiart wakapendekeza kwamba wimbi la polepole la ubongo hubeba mapigo ya kasi ndani yake, kila pigo na kitu chake, kama ngoma kuu inavyozipangia ngoma ndogo zamu.

Mashine za kuchumia chai zilizoingia mashamba makubwa, na ambazo baadhi zilichomwa moto Kericho mwaka 2023, hazitoi hukumu hiyo, hukata kwa kimo tu: changa na lililokomaa huenda pamoja. Anayechagua ni mtu. Wanaopanga mishahara waache kumwandika mchumaji kuwa kibarua asiye na ujuzi.