Umbo Ndilo Dawa

Wauguzi wanaopandisha chanjo vijiji vya juu ya Wanale, ule ukuta wa miamba unaoukabili mji wa Mbale, hujifunza kutikisa vifurushi vya barafu karibu na sikio kabla ya kuvipanga kwenye kasha. Kifurushi kikiwa kimya, bado kimeganda mno. Maji yakisikika yakicheza ndani, safari inaweza kuanza. Chanjo ya malaria ya R21, iliyozinduliwa Uganda wilayani Apac Aprili 2025, nayo haitakiwi kuganda kamwe: makazi yake ni nyuzi 2 hadi 8. Kinacholindwa humo ni umbo.

Protini ikielea peke yake, mwili huipita tu. Protini inayofunika kimelea cha malaria kinapotoka kwa mbu ilijulikana tangu miaka ya 1980. Kazi ilikuwa namna ya kuionyesha. Watengenezaji wa RTS,S, chanjo ya malaria iliyoitangulia R21, walishikiza kipande chake kwenye protini ya virusi vya homa ya ini B, wakaizalisha kwa hamira, nazo protini zikajikusanya zenyewe kuwa vitufe vya nanomita 20 hivi. Ila katika kila kitufe, takriban protini moja kati ya tano tu ndiyo iliyobeba malaria. Nyingine zilikuwa za kujazia. Mafundi wa Oxford, katika R21, waliondoa kijazio. Kila protini inabeba. Seli B ya kinga inayokutana na vipande vingi vilivyosongamana hivyo hunaswa vipokezi vyake kadhaa kwa mpigo, ikaamka. Dozi ya mtoto ikashuka kutoka mikrogramu 25 hadi 5.

Bado palihitajika kichocheo, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Gome la mti wa Quillaja wa Chile hutoa povu, na wenyeji wamelifulia nguo tangu zamani. Povu hilo linatokana na saponini, ambayo huishtua kinga vizuri sana, lakini ikiachwa huru hupasua chembe nyekundu za damu. Nani angethubutu kumdunga mtoto sabuni? Bror Morein na wenzake nchini Sweden walionyesha kwamba saponini, kolesteroli na fosfolipidi zikichanganywa kwa uwiano sahihi hujisuka kuwa vitundu vyenye uwazi, vya nanomita 40 hivi. Kolesteroli huikumbatia saponini ikakosa nafasi ya kushambulia seli, huku uwezo wake wa kuamsha kinga ukibaki. Matrix-M, kichocheo cha R21, huchanganya vitundu vya aina mbili, 85 kwa 15: kimoja kipole, kingine kikali, kila kimoja kikiundwa peke yake.

Kingamwili hushuka baada ya muda, kwa hiyo kasha la chanjo lazima lipande mlimani mara nne kwa kila mtoto: akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Ya mwisho ndiyo ngumu. Mtoto anaonekana mzima, keshaanza kukimbia, na mama yake ana kahawa ya kuchuma.