Ruzuku Isiyopita Dirisha la Malipo: Maghorofa ya Biashara ya Kigali

Msaada mkubwa waliopata wenye maghorofa ya biashara katikati ya Kigali haukuja kwa hundi. Ulipitia ardhi, kanuni za ujenzi na amri ya kuhamisha wapangaji. Kwa kulinganisha, Chicago na miji mingine ya Marekani hutenga ongezeko la kodi ya majengo katika eneo fulani na kulitumia kuliendeleza eneo hilohilo. Huko kiasi kinaandikwa, na mwananchi akitaka kulalamika ana tarakimu mkononi. Njia ya Kigali ni ngumu zaidi kuihesabu.

Ilianza na ardhi. Sheria ya ardhi ya 2005 ilifuatwa na usajili wa nchi nzima, uliofikia zaidi ya viwanja milioni 10. Vipande vingi vikawa na jina la mmiliki, hivyo jiji likajua ni nani wa kumwamuru ajenge au wa kumlipa fidia aondoke. Sheria ya utwaaji ardhi ikatoka 2007. Kuanzia wakati huohuo, wakazi wa Kiyovu cy'Abakene, mtaa wa maskini ulioungana na kitovu cha biashara, waliondolewa. Wengi walipelekwa Batsinda, pembezoni mwa jiji, mbali na vibarua na wateja wao. Sehemu kubwa ya mteremko waliouacha ilikaa miaka bila jengo. Hapo ndipo penye gharama ambayo fidia ya nyumba haikuigusa: mtu alilipwa matofali na kiwanja, lakini hakulipwa ukaribu na soko.

Kisha ukaja mpango kabambe wa 2013, uliotaka maghorofa marefu mjini kati. Mwenye duka la chini alikuwa na njia tatu: akope ajenge, aungane na wenzake, au auze. Wapo walioungana vizuri. Jumba la CHIC ni kazi ya wafanyabiashara waliochanga mitaji, na mfano huo unastahili sifa. Lakini Makuza Peace Plaza lilifunguliwa 2015, Kigali Heights likafuata 2016, na nafasi zikawa nyingi kuliko wapangaji.

Hatua iliyofuata ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Kati ya 2016 na 2017 jiji liliagiza kampuni na ofisi zilizokuwa katika nyumba za makazi zihamie kwenye majengo ya biashara. Kwa mwenye ghorofa, amri hiyo ilikuwa na thamani ya fedha taslimu, maana ilimletea mpangaji. Kwa kampuni ndogo iliyokodi nyumba katika mitaa ya Remera au Kimihurura ilikuwa pango kubwa zaidi, tena bila mteja hata mmoja wa ziada. Hii naiita ruzuku kamili. Tofauti ni kwamba aliyeilipa ni mpangaji, na hazina haikutoa kitu.

Kwenye kodi mambo yalikuwa wazi zaidi. Sheria ya 2018 iliweka kodi ya ardhi hadi faranga 300 kwa mita ya mraba, wananchi wakalalamika, na sheria ya 2023 ikashusha kiwango cha juu hadi 80.

Ipo fedha ya umma ninayoitetea bila kusita. Barabara ya KN 4 ilifungiwa magari mwaka 2015, na wenye maduka wakalia kwamba wateja wamepotea. Baadaye jiji liliijenga upya, likaweka sakafu, viti na taa, na leo inaitwa Imbuga City Walk. Anayekaa pale haulizwi amenunua nini.

Mpango kabambe mpya uliotangazwa Septemba 2020 umelegeza masharti na unaruhusu kujenga kwa awamu, jambo ambalo lingewaokoa wafanyabiashara wengi miaka saba mapema. Tangu sheria ya 2019 ilipoyarudisha mamlaka ya wilaya mikononi mwa jiji, mwenye kuulizwa ni mmoja. Baraza la Jiji lichapishe, pamoja na kila kibali cha jengo kubwa, thamani ya ardhi iliyotolewa, fidia iliyolipwa na idadi ya watu waliohamishwa.