Mgeni, Shetani na Kiumbe wa Sayari Nyingine: Uhakiki wa Majina ya Vikumbusho Njiani Kidichi

Makala haya yanakusudia kuhakiki majina wanayopewa vinyago na picha zenye sura za ajabu katika biashara ya vitu vya ukumbusho, kama yanavyosikika katika barabara itokayo Mji Mkongwe wa Zanzibar, kupitia Bububu, hadi Kidichi. Huenda msomaji akauliza iwapo vitu vya vibandani vina uzito wa kujadiliwa katika kurasa za istilahi. Twaona vinao. Istilahi haizaliwi katika kamati peke yake, huzaliwa pia pale muuzaji anapotakiwa na mnunuzi ajibu swali moja fupi: "Hiki ni nini?"

Wasafiri waendao Kidichi hufuata mambo mawili: hamamu iliyojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe Shahrazad, binti wa ukoo wa kifalme wa Iran, na mashamba ya viungo. Humo njiani huuziwa pakiti za karafuu na mdalasini, kofia na tai zilizosukwa kwa makuti mabichi, picha za Tingatinga, na vinyago vya mpingo. Miongoni mwa vinyago hivyo wamo wale wa jicho moja, wa sikio kubwa kuliko kichwa, na wa miguu inayochomoza shingoni. Mnunuzi aliyelelewa na filamu za safari za anga huwatambua mara moja kuwa ni wakaazi wa sayari nyingine. Baadhi ya wauzaji, kwa kupenda kumridhisha, humkubalia. Kisha wanapolirudisha jina hilo katika Kiswahili husema "mgeni wa angani", au "shetani wa angani", au hulitamka neno la Kiingereza "alien" kama lilivyo. Majina yote matatu yana kasoro.

Tuanze na mgeni. Anayelitumia neno hili kwa maana hiyo amefuata Kiingereza bila kupima. Katika lugha hiyo neno moja hubeba mtu asiye raia, mmea uliotoka nchi nyingine, na kiumbe wa sayari nyingine. Kiswahili hakina sababu ya kurithi mkanganyiko huo. Kwetu mgeni ni mtu aliyefika, na kwa kufika kwake amepata haki ya kukaribishwa, ndiyo maana husemwa, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mtembezaji wa Kidichi humwita mtalii wake mgeni, tena kwa heshima. Je, ataeleweka vipi akisema kwamba mgeni amenunua mgeni?

Jambo hili si la mzaha tu. Nchini Kenya kitambulisho walichopewa wakaazi wasio raia, wakiwemo wakimbizi, kilijulikana kwa miaka mingi kwa jina hilohilo la Kiingereza. Mtu aliyekimbia vita akajikuta amebeba mfukoni neno ambalo watoto walilijua kwa zimwi la kwenye filamu. Kiswahili kikiliachia neno mgeni liende njia hiyo, hasara haitakuwa ya kinyago. Itakuwa ya mtu aliyesimama mbele ya dirisha la uhamiaji. Na Kidichi yenyewe ni ushahidi wa namna lugha yetu inavyowapokea waliotoka mbali: asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku, ya vanila ni Meksiko, na aliyejengewa hamamu alitoka Iran, wala hakuna anayeviita leo vitu vya kutisha.

Shetani wa angani ana kasoro ya namna nyingine. Neno shetani, katika sanaa ya uchongaji, limekwisha kuwa istilahi kamili. Wachongaji wa Kimakonde waliofanya kazi Dar es Salaam wameainisha mitindo yao kwa maneno ya Kiswahili: binadamu, ujamaa, mawingu na shetani. Mtindo wa shetani huhusishwa na Samaki Likankoa, katika miaka ya 1950. Na marehemu George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwachonga na kuwachora mashetani wake wakiwa na vichekesho vyao vyote. Maneno hayo yameingia katika vitabu vya sanaa vya lugha nyingine bila kutafsiriwa. Ni istilahi ngapi za Kiswahili zilizopata daraja hiyo? Kumwongezea shetani huyo anga asiyoijua ni kumnyang'anya mchongaji jina la kazi yake ili kumpa mnunuzi kile alichokwisha kukijua kabla ya kupanda ndege.

Isitoshe, Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Kina jini, pepo, ruhani, zimwi, kibwengo na mzuka. Kina chunusi azamishaye watu majini, na kinyamkera wa kimbunga. Kila mmoja ana makao yake na tabia yake. Na pale umma ulipohitaji jina jipya, uliliunda wenyewe: popobawa, aliyezusha hofu kubwa Pemba na Unguja mwaka 1995, amepata jina kwa kuunganisha nomino mbili za kawaida, na jina hilo likaenea nje ya nchi kama lilivyo.

Ama kulitwaa neno la Kiingereza zima zima, yafaa tukumbuke kwamba hata wenyewe majina yao hayakuundwa kwa uangalifu. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Mmarekani, Kenneth Arnold, alieleza kwamba ameona vyombo vikiruka karibu na Mlima Rainier. Baadaye alifafanua kwamba alichokilinganisha na kisahani ni mwendo: vilidunda kama kisahani kilichorushwa juu ya maji. Magazeti yakaligeuza neno la mwendo kuwa jina la umbo, na tangu hapo watu wengi wakaripoti kuona visahani. Leo mji wa Roswell, New Mexico, huuza visahani na vikaragosi vya kijani, na jimbo la Nevada mwaka 1996 liliipa barabara yake namba 375 jina la viumbe hao. Jina lilitangulia, bidhaa zikalifuata. Yaliyotokea huko yaweza kutokea kwetu, mchongaji akaanza kuchonga kile anachoambiwa kwamba amekichonga.

Wapo watakaosema kuwa "kiumbe wa sayari nyingine" ni jina refu kwa muuzaji mwenye haraka. Ni kweli. Lakini urefu ni kasoro ndogo kuliko utata, na jina fupi likihitajiwa, walioliunda popobawa hawatashindwa.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

(a) Kiumbe wa sayari nyingine litumike katika sayansi, tafsiri na vitabu vya shule. Mgeni lisitumike kwa maana hiyo.

(b) Kinyago cha shetani kibaki na jina hilo katika lugha zote. Muuzaji alitaje kwa Kiswahili kwanza, kisha aeleze.

(c) Kitu anachojinunulia msafiri kiitwe kikumbusho, wingi vikumbusho. Kumbukumbu lina kazi nyingi, zikiwemo za mikutano. Na zawadi ni kile anachompelekea mwingine.

(d) Orodha fupi ya majina ya mitindo ya uchongaji, pamoja na maelezo yake, iandaliwe kwa ajili ya watembezaji na wenye vibanda.

Tungependa kupata maoni ya wasomaji, na hasa ya wachongaji na watembezaji wenyewe, kuhusu pendekezo la mwisho, kwani orodha isiyopita mikononi mwao haitafika Kidichi.