Baraza Ndani ya Ukuta

Kwa miaka mingi chuoni niliwafundisha walimu wanafunzi kwamba baraza ni mkutano wa wenye madaraka, kisha nikaongeza, kama jambo dogo, kuwa ni mahali pa kukaa nje ya nyumba. Nilizipanga maana hizo kinyume.

Ukienda Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja utaliona neno lenyewe limejengwa kwa mawe na chokaa: benchi lililoshikamana na ukuta wa mbele, likitazama njia. Hapo mwenye nyumba hupokea wageni bila kuwaingiza ndani, wazee hucheza bao, na mpita njia hupumzika. Mvua ikijaza vichochoro, watu hupita juu yake. Haulizwi mtu kaja kwa idhini ya nani.

Baadaye tukapata Baraza la Mawaziri, na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa. Sina ugomvi na maana hizo. Lugha ndivyo ikuavyo. Kinachonisikitisha ni ramani za nyumba za leo, ambazo huita baraza kile kiukumbi kilichofungiwa ndani ya ukuta na geti. Nami ninacho, nilikijenga nilipostaafu. Kina viti vinne, na mkaaji mmoja. Jirani yangu hupita kila jioni akanisalimu kwa kupaza sauti, hanioni wala simwoni.

Hiyo, ndugu msomaji, si baraza. Nimekwisha zungumza na fundi: Jumatatu anajenga benchi la saruji, upande wa njia.